Gari Likitokomea, Utamdai Nani?

Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa mawakili hapa Mombasa, katika afisi ya ghorofani karibu na mahakama, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwapokea watu wa ajali. Walikuja na magongo, na plasta, na bahasha za kaki zilizofura kwa risiti za dawa. Nikishawapa pole na kiti, swali langu la kwanza lilikuwa lile lile: "Gari ni nambari gani?" Wakinitajia, nafungua faili. Wakinyamaza, naagiza chai kwanza, kwa kuwa najua tutakaa sana na mteja ataondoka hana furaha.

Wengi hudhani kwamba ukigongwa, sheria inakulinda wewe uliyegongwa. Inakulinda, ila kwa kupitia gari. Kenya tuna sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inayomlazimu kila mwenye gari linalotembea barabarani awe na bima ya kumlipa mtu mwingine atakayeumizwa au kuuawa na gari hilo. Hiyo ndiyo thadipati, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita bima ndogo. Mtu huyo mwingine ni wewe uliyekuwa ukivuka barabara, ni abiria wa matatu, ni mama wa mahamri aliyeketi kando ya lami na karai lake. Bima hiyo haimtengenezei mwenye gari bonde lolote la bodi wala haimlipii kioo. Imewekwa kwa ajili yako. Kwa Kenya, kampuni ya bima yaweza kubebeshwa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, na kinachozidi hapo kinamrudia mwenye gari.

Sheria hii ina meno kuliko watu wanavyodhani. Kampuni haiwezi kukukwepa kwa kisingizio kwamba matatu ilijaza abiria kupita kiasi, au gari lilikuwa bovu, au mzigo ulizidi uzito. Hayo ni kati yake na mteja wake: itakulipa wewe, kisha imfuate yeye. Sharti lililowaangusha wengi ni la ilani. Kampuni lazima iwe imearifiwa juu ya kesi kabla haijafunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa. Nimemwona wakili ana hukumu nzuri mkononi, anapekua kabati zima kutafuta nakala ya barua aliyoapa kwamba aliipeleka, na nakala ilipopatikana haikuwa na muhuri wa kupokelewa. Kesi yenyewe nayo iwe imefunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali.

Lakini yote hayo yataka mambo mawili: gari lijulikane, na siku ile liwe na bima iliyo hai. Moja likikosekana, sheria yetu haina pa kukupeleka ila kwa dereva na mwenye gari, na mifuko yao kama ilivyo.

Chukua habari ya fundi wa kushona wa Kisauni. Alikuwa akitoka kununua uzi, akagongwa na bodaboda, mfupa wa paja ukavunjika. Kijana wa boda hakukimbia. Alimwinua, akamtafutia tuktuk, akaenda naye mpaka hospitali. Nambari tunayo, jina tunalo, mashahidi wapo. Faili safi kabisa, ungesema. Tulipoandikia kampuni iliyotajwa kwenye stika, jibu likaja la mistari miwili: bima ilikuwa ya mwezi mmoja, iliisha Jumapili, na ajali ilitokea Jumanne. Boda na matatu nyingi hununua bima namna hiyo, mwezi kwa mwezi, kama mtu anunuavyo unga wa kupima, na siku ya mwisho wa mwezi pesa zikiwa zimepata kazi nyingine, pikipiki inaingia barabarani hivyo hivyo.

Tulienda mahakamani. Logibuku, ile hati ya usajili, ilikuwa na jina la kampuni iliyomkopesha pikipiki, tukaishitaki nayo, kwa sababu Sheria ya Trafiki inasema aliyesajiliwa ndiye mwenye chombo mpaka ithibitishwe vingine. Ikathibitishwa vingine: kampuni ikaonyesha mkataba wa mkopo, ikasema haina amri juu ya pikipiki wala dereva, hakimu akaiondoa. Kesi ikabaki na kijana. Fundi akashinda, akapewa hukumu ya laki kadhaa. Dalali wa mahakama akaenda Bombolulu na hati ya kukamata mali. Alikuta chumba kimoja, kitanda, sufuria na runinga yenye ufa. Sheria inakataza kumnyang'anya mdaiwa kitanda, matandiko na vyombo vya kupikia. Dalali akaiangalia runinga, akapiga hesabu ya gari la kuibebea, akairudisha ukutani. Kijana akaahidi kulipa kidogo kidogo. Alilipa miezi michache, kisha simu ikazima. Fundi bado anashona, ila cherehani ya miguu imemshinda na ya umeme ni ya kuazima.

Simlaumu sana yule kijana. Ninachokilaumu ni mpango unaomfanya mtu wa chumba kimoja kuwa ndiye hazina pekee ya mtu mwingine wa chumba kimoja.

Kuna na stika za bandia. Zamani zilikuwa zinauzwa kama njugu pale stendi, na mwenye gari mara nyingine hajui kama amepunjwa na wakala wa mkobani. Kampuni inakuandikia tu kwamba cheti hicho haikukitoa. Tangu chama cha kampuni za bima, AKI, kilipoleta vyeti vya kidijitali, ujanja huo umepungua, maana cheti kinaweza kuhakikiwa kwa nambari ya gari. Na wenye umri wangu wanakumbuka balaa jingine: bima ilikuwa halali, kampuni ndiyo ikafa. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011, zote mbili zikiwa na matatu chungu nzima kwenye vitabu vyao. Malipo yakasimama, wenye hukumu wakabaki wakizikunja na kuzikunjua. Kwa mambo kama hayo serikali imeweka Mfuko wa Fidia wa Wenye Bima, ambao kampuni ikifilisika unaweza kulipa hadi shilingi 250,000 kwa dai. Si nyingi, lakini ni kitu. Tazama basi ajabu yake: bima ikifilisika, Kenya ina mfuko. Dereva akikimbia, au akiwa hakukata bima kabisa, haina.

Faili la aliyekimbia nililokaa nalo sana lilikuwa la hamali wa mkokoteni wa Mazeras. Alfajiri, mitungi ya maji imepangwa, trela la kontena lilimkwangua likielekea bara, likaenda zake. Wenzake wawili waliona kontena la buluu na taa ya nyuma ya kushoto imezimika. Nambari hawakuona, vumbi na moshi, na nani anasoma nambari mtu amelala chini? Binamu yake alikuja afisini na gazeti lililokunjwa. Ndani mlikuwa na vipande vya kioo cha taa ya mbele alivyoviokota kando ya lami, kila kimoja amekifuta. Kwenye kipande kimoja palikuwa na maandishi madogo ya kiwandani. Yalituambia aina ya lori. Kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, kujua aina ya lori ni sawa na kutojua.

Nikapata wazo. Kutoka Mazeras si mbali kufika mizani ya Mariakani, na malori mazito yanayopanda bara hupimwa pale na kuandikwa. Ukijua saa ya ajali, unajua saa ambayo trela lile lilifika mizani. Wakili akaandika barua, mpelelezi akaombwa aifuate. Orodha ilipofika mikononi mwetu ilikuwa na malori mengi ya saa ile, kila moja na uzito wake na nambari yake. Rangi ya kontena haiandikwi. Taa iliyovunjika haiandikwi. Kumtafuta kila mwenye lori na kwenda kulitazama ilikuwa kazi ya polisi, si ya karani, na afisa aliyekuwa na faili akapata uhamisho. Mrithi wake aliniuliza kwa upole kabisa, "Mzee, wewe unataka nikamate kontena la buluu?"

Hamali alipona kiasi cha kutembea na gongo. Bili ilimalizwa na mchango wa msikitini na ng'ombe wa kaka yake wa Kaloleni. Hiyo ndiyo bima yetu ya dereva asiyejulikana: ng'ombe wa Kaloleni.

La kuudhi zaidi ni hili. Laiti angegongwa na lori la Zambia au la Kongo ambalo dereva wake amesimama, angekuwa na mtu wa kumdai hapa hapa nchini. Nchi zilizo kwenye mpango wa Kadi ya Njano ya COMESA, na Tanzania imo ingawa si mwanachama wa COMESA, zilikubaliana kwamba gari la nchi moja likimwumiza mtu katika nchi nyingine, afisi ya mpango huo katika nchi ya ajali ishughulikie dai lake kwa sheria za mahali pale, kisha irudishiwe pesa na kampuni ya kule gari lilikotoka. Mpango huo umefanya kazi tangu miaka ya 1980, na kwa Kenya unasimamiwa na Kenya Re. Kwa hiyo tumeweza kupatana na nchi kumi na kitu juu ya lori la mgeni, na hatujapatana wenyewe kwa wenyewe juu ya pikipiki ya jirani.

Mambo haya yangeweza kuonekana ni majaliwa tu, mpaka mpwa wangu wa Leicester, Uingereza, alipogongwa. Alikuwa kwenye baiskeli jioni ya mvua, gari likampiga mkononi, halikusimama. Aliponipigia simu akasema anajaza fomu ya madai. Nikamuuliza, "Unamdai nani, na gari hulijui?" Akasema, "Mjomba, huku kuna wenyewe wa magari yasiyojulikana."

Wenyewe hao ni Motor Insurers' Bureau, kwa kifupi MIB. Waingereza walilazimisha bima ya magari kwa sheria ya mwaka 1930, ikaanza kufanya kazi mwaka 1931, na haukupita muda mrefu wakaona tundu lile lile tulilo nalo: mtu ana hukumu, dereva hana bima wala senti. Mwaka 1937 kamati iliyoundwa na serikali ikapendekeza pawepo mfuko wa kuziba tundu hilo. Vita vikaingilia kati. Baada ya vita serikali na kampuni za bima wakakubaliana, na MIB ikaanza mwaka 1946. Haikuanzishwa kwa kodi ya serikali. Kila kampuni inayouza bima ya magari lazima iwe mwanachama na ichangie kwa kadiri ya biashara yake, na bila shaka kampuni inauhamisha mchango huo kwa wateja. Maana yake ni kwamba dereva mwaminifu ndiye anayemlipia yule mkaidi. Kuna wanaonung'unika. Lakini kabla ya hapo aliyemlipia mkaidi alikuwa ni aliyevunjwa mguu.

Mwanzoni MIB ilikuwa ya madereva wasio na bima, ambao angalau wanajulikana. Wale wanaokimbia walilipiwa kwa hisani tu, mpaka mwaka 1969 ulipotiwa saini mkataba rasmi wa madereva wasiojulikana. Mikataba imekuwa ikiandikwa upya. Wa wasio na bima unaotumika sasa ni wa mwaka 2015, na wa wasiojulikana ni wa mwaka 2017. Aliyejeruhiwa hupeleka madai yake, MIB inachunguza yenyewe, inaomba ripoti ya polisi na ya daktari, na ikiridhika kwamba kweli kulikuwa na gari na dereva wake alikosea, inakadiria fidia kama ambavyo mahakama ingefanya. Kwa majeraha muda wa kudai kwa kawaida ni miaka 3. Si kila mtu hupokelewa. Ukipanda gari kwa hiari yako ukijua kwamba halina bima, usitarajie kitu. Na ukidai gari lako tu ndilo lililokwanguliwa na asiyejulikana, mlango ni mwembamba sana, kwa sababu inayoeleweka: kila mwenye ukuta wa nyumbani na gari lililochubuka angekuwa na dereva wa kumsingizia.

Hata wao wana mikwaruzo yao ya kisheria. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyegongwa na gari ambalo nambari yake ilipatikana na lilikuwa na bima, lakini dereva hakujulikana. Akataka kumshitaki "mtu asiyejulikana aliyekuwa akiendesha gari nambari fulani" ili bima ya gari ilipe. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2019 ilisema huwezi kumshitaki mtu usiyeweza hata kumpelekea hati, na MIB ipo kwa ajili ya mambo kama hayo. Niliisoma hukumu ile kwa wivu. Kwetu mahakama ikikufungia mlango wa namna hiyo, unatoka nje.

Afrika Kusini walichukua njia nyingine kabisa. Hawana bima ya lazima ya thadipati. Kila anayenunua petroli au dizeli anakatwa kiasi kwa kila lita, na mwaka 2021 kilifikishwa randi 2.18. Pesa zinaingia kwenye Road Accident Fund, na mfuko huo ndio unaolipa, gari likijulikana au lisijulikane. Aliyegongwa na gari lisilojulikana ana miaka 2 ya kupeleka madai badala ya 3, na lazima aonyeshe alijitahidi kulitafuta. Kwenye karatasi ni mpango mzuri kuliko wote: hakuna anayeweza kuendesha gari bila kuwa amelipia, maana hakuna anayeendesha bila mafuta. Kwa vitendo, mfuko umekuwa ukizama kwenye madeni kwa miaka na miaka, na mwaka 2008 ilibidi sheria ibane: fidia ya maumivu ikabaki kwa wenye majeraha makubwa tu, na haki ya kumshitaki dereva mwenyewe kwa kile ambacho mfuko haukulipa ikaondolewa. Nawatajia haya wenzangu wanaosema tukate tu pesa kwenye mafuta tulale usingizi. Mafuta yetu yana makato ya kutosha, na pesa nyingi zikikusanywa mahali pamoja huvuta watu wa kila aina.

India nao wana mpango wao wa magari yanayokimbia, wa kiwango maalumu: tangu Aprili 2022 familia ya aliyekufa hupata rupia 200,000 na aliyejeruhiwa vibaya 50,000. Kabla ya hapo ilikuwa 25,000 na 12,500, kiasi cha kununua sanda na kuandaa matanga.

Mfano unaonivutia mimi uko karibu zaidi. Rwanda kwa sheria ya mwaka 2011 iliunda Mfuko Maalumu wa Dhamana. Unawalipa walioumizwa, na jamaa za waliokufa, kwa magari yasiyojulikana au yasiyo na bima. Unalipa pia hasara za wanyama wa mbuga, nyati akitoka hifadhini akamkanyaga mtu shambani kwake. Watu hucheka nikiwaambia hivyo, lakini fikra yake ni moja: kuna madhara ambayo nchi imeyakubali kwa sababu ya faida yake, barabara kwa biashara na mbuga kwa watalii, basi asiachiwe mmoja aliyekaa vibaya siku ile ayabebe peke yake. Pesa zinatoka kwa kampuni za bima, na upande wa wanyama sehemu inatoka kwenye mapato ya utalii. Rwanda si nchi tajiri kutushinda. Basi la Kigali na la Mombasa yana madereva wa aina moja.

Je, kwa sasa aliyegongwa Kenya afanye nini? Kwanza atibiwe. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na si vibaya jamaa akayasema maneno hayo kwa sauti pale mapokezi. Kisha aulizwe: ulikuwa kazini? Swali hili makarani wengi hulisahau. Mlinzi aliyegongwa akiwa langoni kwa zamu, msambazaji wa mkate aliyegongwa akiwa njiani kupeleka oda, hao wana mwajiri, na Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo watu huiita WIBA, haijali gari lilikuwa la nani wala liko wapi. Kwa ulemavu wa kudumu kabisa hesabu yake ni mishahara ya miezi 96. Nimeokoa faili mbili tatu kwa swali hilo moja, baada ya mteja kukata tamaa ya gari. Hamali wa Mazeras hakuwa na mwajiri. Mkokoteni ulikuwa wake.

Na nyinyi mliosimama kando ya barabara, kazi yenu ni kubwa kuliko mnavyojua. Pigeni picha ya nyuma ya gari kabla ya picha ya damu. Kumbukeni kwamba trela lina nambari yake na kichwa kina yake, na chukueni zote mbili. Stika ya bima isomeni kama gari limesimama: jina la kampuni, nambari ya cheti, tarehe ya mwisho. Kama limekimbia, andikeni saa, tazameni kituo cha mafuta au duka lenye kamera, na mwombeni mwenye duka aihifadhi picha leo hii, kwa kuwa mashine hizo hujifuta zenyewe baada ya muda. Pelekeni habari polisi siku ile ile na mwondoke na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Faili ikifika mwezi wa pili bila OB, kila mtu huanza kuuliza kama ajali ilikuwepo.

Kuna jambo jingine tunalolifanya ambalo linazaa wakimbiaji. Gari likigonga, umati unakusanya mawe na petroli. Madereva wengi nilioongea nao, waliofika kizuizini wenyewe baadaye, walinambia hawakukimbia mkono wa sheria, walikimbia mkono wa watu. Sheria inamtaka dereva asimame; akihofia roho yake, heri aende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu. Tunapochoma lori moja Changamwe, tumewafundisha madereva wa malori mengine yote wasisimame.

Sasa, kwa nini hatuna mfuko? Nimewahi kumuuliza mtu wa kampuni ya bima, mzee mwenzangu tuliyekuwa tukipigana kalamu kwa miaka. Alinijibu bila kuuma maneno: "Karani, nyinyi wenyewe mtaumaliza." Alikuwa na hoja. Nimewaona madalali wa ajali wanaozunguka wodini na fomu za kutia kidole. Nimewahi kupokea majeruhi watano wa tuktuk moja. Tuktuk ya abiria watatu. Kama madai ya uongo yanapita wakati gari lipo na lina nambari, yatakuwaje gari likiwa halipo kabisa?

Lakini Leicester nako kuna waongo. Walichofanya ni kuweka wachunguzi, kutaka ripoti ya polisi mapema, kubana madai ya vyuma, na kumtaka mdai athibitishe. Hoja ya ulaghai ni hoja ya kuweka mlango wenye kufuli. Sioni ikiwa hoja ya kujenga ukuta bila mlango.

Mswada ukiletwa siku moja, na naamini utaletwa, sitaanza na kurasa za utangulizi. Nitafungua kwanza panapoeleza pesa zinawekwa wapi na nani anaruhusiwa kuzigusa, nikiwa na Afrika Kusini kichwani. Halafu nitatafuta muda wa kuripoti. Wakiandika siku 7, nitajua aliyeuandika hajawahi kukaa na mtu aliyezinduka wodini siku ya 10 akiuliza mkokoteni wake uko wapi. Na nitataka uwe umemtaja kwa pamoja yule wa trela lililokimbia na yule fundi wa Kisauni, ambaye dereva wake anajulikana kwa jina, kwa sura na kwa nambari ya simu, na bado hajalipwa.